Santuri za Mwisho za Mwaka 1989: Franco, Lutaaya na Masikio ya Mpakani

Mwaka 1989 ulikuwa mwaka mzito katika historia ya muziki wa sehemu zetu hizi za Afrika. Tarehe 12 Oktoba Franco Luambo Makiadi, kiongozi wa bendi kongwe ya T.P. O.K. Jazz ya Zaire, alifariki huko Namur, Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 51. Miezi miwili baadaye, tarehe 15 Desemba, Philly Bongoley Lutaaya wa Uganda naye aliaga dunia, akiwa na miaka 38. Kila mmoja wao alikuwa ametoa santuri katika mwaka huohuo, na kila santuri ilipokelewa na watu waliojua, au walioshuku, kwamba haitafuatwa na nyingine.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi santuri hizo mbili zilivyopokelewa na wahakiki wa muziki na wapenzi wake, na kulichunguza jambo moja ambalo kwetu sisi walimu wa lugha lina uzito wa pekee. Franco hakukiri kwamba ana ugonjwa wa UKIMWI, na watu wengi wakaushika uvumi. Lutaaya alikiri mbele ya watu wote, na wengi wakakataa kumsadiki. Yaani maneno ya wote wawili yalipita masikioni mwa watu yakageuka kinyume chake. Kwa nini ikawa hivyo? Wako watakaojibu kwamba watu ni wagumu wa kuelewa, na yataishia hapo. Sisi twaona kwamba jibu limo katika namna kila mwimbaji alivyokuwa amewazoesha wasikilizaji wake kumsikiliza.

Arua na Koboko katika njia panda ya lugha

Huenda msomaji wa pwani au wa bara ya Tanzania akauliza: kwa nini jambo la Kinshasa na Kampala liandikwe kutoka Arua? Yafaa basi tueleze kidogo.

Mji wa Arua umekaa karibu sana na mpaka wa nchi ambayo zamani ikiitwa Zaire na ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ukitoka mjini kuelekea Vurra, huchukui muda mrefu kabla ya kufika mpakani. Na ng'ambo ya pili iko miji ya Aru na Ariwara, ambayo soko lake lajulikana na kila mfanya biashara wa West Nile. Koboko, iliyo kaskazini yetu, imepakana na nchi mbili kwa pamoja, Kongo na Sudani ya Kusini. Kwa sababu hiyo mtu wa huku hakui na lugha moja. Nyumbani husema Kilugbara au Kikakwa. Sokoni husikia Kilingala cha mpakani ambacho wenyewe hukiita Kibangala. Kutoka kaskazini huja Kiarabu cha Juba. Wanubi wana Kinubi chao. Na Kiswahili kiliingia pamoja na askari wa King's African Rifles na vibarua waliokwenda kusini kufanya kazi katika mashamba ya miwa.

Yako pia mambo ya historia ambayo hayana budi kutajwa. Baada ya kuanguka kwa serikali ya Idi Amin mwaka 1979, na hasa kuanzia mwaka 1980, watu wengi wa West Nile walizikimbia nyumba zao wakaishi uhamishoni Zaire na Sudani. Walianza kurudi kwa wingi katikati ya miaka ya 1980. Waliokuwa Zaire walirudi na Kilingala, na pamoja na Kilingala walirudi na nyimbo. Hivyo Franco hakuwa mgeni kwao. Walimsikiliza wakiyafahamu maneno yake, hali wasikilizaji wengi wa Dar es Salaam na Nairobi walicheza kwa mlio wa magitaa tu.

Kwa upande wa pili, Radio Uganda iliwaletea sauti ya Kampala. Kwa hiyo katika mwaka ule wa 1989 msikilizaji wa Arua alisimama kati ya misiba miwili, mmoja ukitoka magharibi na mmoja ukitoka kusini. Ni mahali pazuri pa kusimama kwa mtu atakaye kulinganisha.

Bendi kongwe na mafumbo yake

O.K. Jazz ilianzishwa mjini Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwezi Juni mwaka 1956. Franco wakati ule alikuwa kijana asiyefikia hata miaka 18. Wenzake wengi waliianza safari pamoja naye wakaiacha njiani, yeye alibaki. Bendi ilikua hata ikawa na wanamuziki zaidi ya 30, ikaongezewa jina la T.P., kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya 'mwenye nguvu zote'. Kiongozi wake akapewa cheo cha Grand Maître, ambacho twaweza kukifasiri kuwa Mwalimu Mkuu. Ilizuru Marekani mwaka 1983 na London mwaka 1984, na wahakiki wa Ulaya wakaanza kuandika habari zake kwa wingi.

Ustadi wa Franco haukuwa katika gitaa peke yake. Alikuwa mtunzi wa mafumbo. Katika 'Mamou' ya mwaka 1984 na 'Mario' ya mwaka 1985 twasikia mazungumzo ya watu wa mjini: wanawake wanaotupiana lawama, kijana anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri na fedha. Watu hao hawakutajwa kwa majina yao halisi, lakini kila mtaa ulidai kuwatambua. Mpenzi wa O.K. Jazz alikuwa na kazi mbili mbele ya wimbo mpya, kucheza na kufumbua: nani anasemwa hapa? Na kwa kuwa Zaire ya Mobutu haikuwa nchi ya kusema kila kitu wazi, kufumbua huko kulikuwa sehemu ya maisha ya kila siku.

Wakati mwingine fumbo lilimtoka mikononi. Mwaka 1978 Franco alifungwa kwa sababu ya nyimbo zilizohukumiwa kuwa za matusi. Alifunguliwa, na haukupita muda mrefu serikali ileile ikampa heshima. Mashabiki hawakuona ajabu. Walikwisha kumjua kuwa ni mtu ambaye maneno yake yana tabaka mbili, na kwamba tabaka ya chini ndiyo yenye nyama.

Hii ndiyo shule aliyowapitisha wasikilizaji wake kwa zaidi ya miaka 30: usiliamini neno la juu, chimba.

Onyo, uvumi na picha ya jalada

Mwaka 1987 Franco alitoa wimbo mrefu wa kuonya juu ya UKIMWI, 'Attention na SIDA'. Humo aliacha fumbo. Alisema kama mhubiri, sehemu kubwa kwa Kifaransa, akiwageukia watu wa kila namna: vijana, wazazi, walimu, waganga, viongozi wa dini na wa serikali. Aliwataka waganga wasiwatupe wagonjwa, na walimu wawafundishe watoto.

Wahakiki waligawanyika, na hata leo hawajapatana. Wako wanaouona wimbo huo kuwa miongoni mwa kazi kubwa za mwisho wa maisha yake, kwa sababu mwanamuziki mashuhuri kuliko wote nchini mwake alilisema lile ambalo wengi walilinyamazia. Wako pia wanaosema kwamba hotuba imeushinda muziki, na kwamba Franco wa Kilingala, mwenye mzaha na kejeli, alikuwa fundi zaidi kuliko Franco wa Kifaransa mwenye kukemea. Sisi twakubaliana na upande wa kwanza kwa habari ya ushujaa, na upande wa pili kwa habari ya sanaa.

Lakini wapenzi wake waliusikiliza kwa namna nyingine kabisa. Walikuwa wamefundishwa kuchimba, wakachimba. Waliuliza lile swali lao la siku zote, nani anasemwa hapa, na safari hii wengi walijibu kwamba anayesemwa ni msemaji mwenyewe. Afya yake ilipoanza kudhoofika uvumi ulipamba moto. Alitajwa kuwa mgonjwa wa hili na lile. Ilisemekana hata kwamba amekwisha kufa. Franco akajibu kwa njia aliyoizoea, kwa wimbo, akitoa 'Les On Dit', jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kusema 'Wanasema'. Nani asiyejua kwamba kumjibu mvumishaji ni kumwongezea kuni?

Katika hali hiyo ndipo ilipotoka santuri ya mwaka 1989 aliyoifanya pamoja na Sam Mangwana. Kwa wapenzi wa zamani kuungana huko peke yake kulikuwa habari kubwa. Mangwana alikuwa ametoka katika bendi ya Tabu Ley Rochereau, mshindani mkubwa wa Franco, akajiunga na O.K. Jazz katika miaka ya 1970, na mashabiki wa Tabu Ley walimwona kuwa msaliti. Baadaye aliondoka, akazunguka Afrika, akaimba kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Kurudi kwake kwa Franco kulikuwa kama kurudi kwa ndugu aliyepotea siku nyingi.

Tukiisikiliza leo kama muziki mtupu, santuri hiyo haina la kuonea haya. Sauti ya Mangwana imesimama imara, na magitaa yanaitikiana kwa adabu ile ya O.K. Jazz ambayo hakuna aliyeweza kuiiga sawasawa. Mchango wa Franco mwenyewe ni mdogo, maana hakuwa na nguvu. Mhakiki mwenye kupima kwa sikio angesema: kazi njema ya mzee anayewaachia wenzake nafasi. Lakini wapenzi wengi hawakuanza kwa sikio. Walianza kwa jicho. Jalada lilimwonyesha mtu aliyekonda, yule aliyekuwa mashuhuri kwa unene wa mwili wake kama kwa unene wa jina lake. Kabla sindano haijagusa santuri, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa.

Mwezi Septemba Franco alipanda jukwaani kwa mara ya mwisho jijini Amsterdam, kwa muda mfupi, akiwa dhaifu. Mwezi uliofuata alifariki. Zaire iliomboleza kwa siku nne na redio ikapiga nyimbo zake mfululizo. Bendi iliendelea chini ya Simaro Lutumba hadi mwaka 1993, kisha ikavunjika. Simaro na wenzake wakaanzisha Bana O.K., yaani Watoto wa O.K. Kuhusu chanzo cha kifo, mwenyewe hakukubali hadharani kamwe kwamba alikuwa na UKIMWI, na sisi hatuna haki ya kumvika marehemu ugonjwa ambao hakuutaja. Linalotuhusu hapa ni masikio ya watu.

Lutaaya na watu wasiosadiki

Sasa tugeukie Kampala. Philly Lutaaya alikuwa mtu wa mabendi tangu ujana wake, akipita katika kundi la Vox Nationale na la Cranes. Katika miaka ya 1980 alihamia Sweden, akaishi Stockholm, na huko ndiko alikotengeneza santuri ya 'Born in Africa' pamoja na Waganda wenzake. Nyimbo zake zilichezwa katika arusi na sherehe za kila namna. Santuri yake ya Krismasi imekuwa sehemu ya sikukuu yenyewe nchini Uganda. Ifikapo Desemba hakuna duka lisiloipiga. Huyu basi alikuwa mwimbaji wa furaha. Shule aliyowapitisha wasikilizaji wake ilikuwa tofauti kabisa na ile ya Franco: hapa hapana fumbo, hapa pana burudani.

Mwezi Aprili mwaka 1989 alirudi na kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Hakuna Mganda mashuhuri aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Alizunguka shuleni, makanisani na katika mikutano, akieleza habari zake kwa kinywa chake, huku nguvu zikimpungua siku hadi siku. Wakati uleule ikatoka santuri ya 'Alone', ambamo alizungumza juu ya upweke na hofu ya mgonjwa na kuwaomba watu wasimame pamoja.

Watu walipokeaje? Wengine walilia. Lakini wengi, hasa katika siku za kwanza, hawakusadiki. Walimtazama wakamwona mtu mwenye sura nzuri na mavazi nadhifu, wakasema: huyu si mgonjwa. Ilisemekana kwamba amelipwa ili awatishe watu. Ilisemekana kwamba ni hila ya kuuza santuri. Maneno hayo yalikoma polepole, kadiri mwili wake ulivyokuwa ukitoa ushahidi ambao kinywa chake hakikuaminiwa kuutoa. Alipofariki mwezi Desemba, hapakuwa tena na wa kubisha.

Hatuwezi kuwalaumu watu wale kwa urahisi. Walimjua Lutaaya wa jukwaani. Na jukwaani mwimbaji hulia bila msiba na hupenda bila mpenzi, nasi humpigia makofi kwa kuwa ametudanganya vizuri. Alipokuja na msiba wa kweli, wakaupokea kama wimbo mwingine. Mhakiki angeweza kuusifu wimbo huo kwa unyofu wake, kwa mwendo wake wa polepole, kwa kuacha kwake mbwembwe za dansi. Lakini kuusifu wimbo kuwa mzuri na kuusadiki kuwa kweli ni mambo mawili, na la pili ndilo lililokuwa likihitajiwa na nchi.

Wahakiki, wapenzi na gharama ya kukosea

Tukizilinganisha habari hizi mbili twapata fundisho ambalo halimo katika vitabu vingi vya uhakiki. Mhakiki huipokea santuri ya mwisho kwa kuuliza: je, inazifikia zile za kwanza? Huweka 'Mario' upande mmoja na santuri ya mwaka 1989 upande wa pili, akapima. Kipimo hicho ni halali, nasi tunakitumia darasani tunapolinganisha tungo za mshairi za ujanani na za uzeeni. Mpenzi wa bendi huuliza swali jingine: je, huyu bado ni yule wangu? Na katika kulijibu hutumia masikio aliyopewa na mwimbaji mwenyewe kwa miaka mingi. Wapenzi wa Franco walipewa masikio ya kufumbua. Ndiyo maana neno la wazi walilifanya fumbo. Wapenzi wa Lutaaya walipewa masikio ya kuburudika. Ndiyo maana ungamo walilifanya tamasha.

Kama jambo lingekuwa la muziki tu, kosa hilo lisingekuwa na madhara. Lakini huo ulikuwa wakati ambapo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea Uganda. Wagonjwa wa kwanza walikuwa wametambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika wilaya ya Rakai, na serikali iliuanzisha mpango wa kupambana na ugonjwa mwaka 1986. Huku West Nile watu walikuwa ndiyo kwanza wanajenga upya nyumba zilizoteketea, wakivuka mpaka kwenda na kurudi kwa biashara. Kila mwezi ambao onyo lilichukuliwa kuwa hila ulikuwa mwezi wa hatari. Kutosikia vizuri kuligharimu roho za watu.

Na mzaha nao ulifanya kazi yake. Mjini Kinshasa vijana waliyageuza maneno yanayofupishwa kuwa SIDA wakasema kwamba ni ugonjwa wa kubuniwa ili kuwakatisha wapenzi tamaa. Tanzania nako herufi za AIDS zilifasiriwa kuwa 'Acha Iniue, Dogodogo Siachi'. Mwalimu wa lugha hawezi kuacha kuuona ufundi wa mchezo huo wa herufi. Wala hawezi kuacha kuona ulivyosaidia watu kutosikia.

Suala la lugha

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu watue kidogo. Franco, bingwa wa Kilingala, alipotaka kusema jambo zito kuliko yote alikichukua Kifaransa. Lutaaya, aliyependwa kwa nyimbo zake za Kiganda, aliimba 'Alone' kwa Kiingereza. Sababu yaeleweka: kila mmoja alitaka kuvuka mipaka ya lugha ya nyumbani. Na kwa kweli Kiingereza ndicho kilichomfikisha Lutaaya Arua kwa urahisi zaidi, maana Kiganda hakisemwi na wengi huku. Hata hivyo, lugha ya shule ina ubaridi wake. Mama wa sokoni asiyesoma alisikia kwamba kuna mtu anaimba kwa huzuni. Kwa nini anahuzunika, alitegemea kuambiwa na mwingine. Na yule mwingine, kama tulivyoona, mara nyingi alikuwa mvumishaji.

Kiswahili kilikuwa wapi? Kiswahili kilikuwa kikihangaika kutafuta neno. Mkoani Kagera watu waliuita ugonjwa 'Juliana', kwa jina la nguo za biashara zilizokuwa zikipita mpakani kutoka Uganda. Waganda walikuwa na 'silimu', kutokana na kukonda kwa mgonjwa. Kisha likaja jina UKIMWI, lililoundwa kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiswahili chenyewe, upungufu wa kinga mwilini. Twaomba wanafunzi waulizwe tofauti ya majina haya. 'Juliana' lataja ulikotoka ugonjwa, yaani kwa watu wengine. 'Silimu' lataja unavyoonekana, na hilo ndilo lililowafanya watu wamtazame Lutaaya na kusema kwamba hajakonda. UKIMWI lataja kilichopungua ndani ya mwili, mahali ambapo jicho halifiki. Laiti jina la namna hiyo lingekuwa limekwisha kuenea vinywani mwa watu wote wa Uganda, huenda waliosema 'mbona amenenepa' wangejijibu wenyewe.

Katika muziki, Kiswahili kilimpata msemaji wake kwa Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo, aliyeishi Dar es Salaam na kuongoza Orchestra Super Matimila. Wimbo wake 'Mambo kwa Soksi', uliojulikana mwanzoni mwa miaka ya 1990, uliwahimiza watu watumie kinga. Neno 'soksi' hapo ni fumbo, lakini ni fumbo ambalo hata mtoto alilifumbua. Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Watu wakaupata hata hivyo, kwa kanda na katika kumbi za dansi. Tazama basi ajabu hii: kwa Franco onyo la wazi lilidhaniwa kuwa fumbo, kwa Lutaaya kweli ilidhaniwa kuwa mchezo, kwa Remmy fumbo lilieleweka mno hata likanyimwa hewa. Ujumbe uleule mmoja ulikutana na masikio matatu tofauti.

Miaka ilipita, na mwaka 2004 kijana Ferooz wa Tanzania akatoa 'Starehe', wimbo ambamo mgonjwa wa UKIMWI anasimulia maisha yake akiwa kitandani. Mwimbaji alikuwa akiigiza, na kila mtu alijua kwamba anaigiza. Wasikilizaji walihuzunika na kuyazingatia maneno yake. Aliyesema kweli mwaka 1989 alishukiwa kuwa mwigizaji. Mwigizaji wa mwaka 2004 alipokelewa kama msema kweli. Kati ya hao wawili kulikuwa na makaburi mengi, na makaburi hayo ndiyo yaliyowafundisha watu kusikiliza.

Kazi ya mwalimu

Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa ya Uganda mwaka 1973, katika utawala wa Amin, na kwa Waganda wengi kikabaki na harufu ya kambi ya askari. Mwaka 2005 katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Kwa hiyo walimu wa West Nile wanayo nafasi ambayo watangulizi wao hawakuwa nayo. Swali ni nini kifundishwe pamoja na ngeli na nyakati.

Sisi twapendekeza kwamba somo la kusikiliza lipewe heshima yake. Tumezoea kuwafundisha wanafunzi kutafuta maana ya ndani katika shairi na methali, na ni vyema. Lakini ni mara chache tunapowafundisha kujua ni wapi maana ya ndani inakoma, na neno linataka kupokewa kama lilivyo. Mwanafunzi anayefumbua kila kitu ni kiziwi sawa na yule asiyefumbua chochote. Wachukuliwe wimbo mmoja wa mafumbo na mmoja wa ungamo, iwe kwa Kiswahili au vifasiriwe kwa Kiswahili kutoka Kilingala na Kiingereza, na waulizwe maswali manne: Nani anasema? Tumemzoeaje? Anataka tufanye nini? Na ikiwa tunamkosea, nani ataumia?

Twaamini kwamba maswali hayo yatawafaa hata nje ya darasa. Huku mpakani habari hutufikia kwa lugha tano, na pamoja na habari hufika uvumi, nao husafiri upesi zaidi kwa sababu haulipi ushuru. Ugonjwa mwingine utakuja, au vita, au njaa, na atatokea mtu wa kutuonya, ambaye labda ni mwimbaji, labda ni mchekeshaji, labda ni jirani tuliyezoea kumdharau. Uganda humkumbuka Lutaaya kila tarehe 17 Oktoba. Siku hiyo inafaa watoto wetu waelezwe wema wake, na waelezwe pia kwamba alipokuwa hai, akiwa na sauti, wengi hawakumwamini hata mwili wake ulipomshuhudia.